"Hii pesa ni ya nini?" Swichi 66, meli ya sukari na laini yako ya simu

Unatuma pesa nje ya nchi kulipia mzigo, na muamala unakwama. Baada ya muda simu inalia, na mtu wa huduma kwa wateja anaanza maswali. Huyu unayemlipa ni nani? Mzigo ni wa aina gani? Ukishafika unaenda kwa nani? Nawe umesimama dukani, wateja wamejaa, unajiuliza: kwani si ni pesa yangu?

Jibu ambalo watu wa kazi yetu hupenda kutoa ni "ni matakwa ya sheria." Ni kweli, lakini jibu hilo halimsaidii mtu yeyote. Leo tutatoa jibu refu. Litatupitisha Cape Town, Denver, Panama na Singapore kabla ya kuturudisha Kamukunji na Luthuli Avenue, kwa sababu baadhi ya maswali hayo hayahusu wizi wala ufisadi hata kidogo. Yanahusu silaha za maangamizi: bomu la nyuklia, gesi ya sumu, silaha za vijidudu, na makombora ya kuzibeba.

Tunajua linavyosikika. Wewe unanunua spea za pikipiki, sisi tunaongea nyuklia. Vumilia kidogo.

Mashine ya kuvunja mawe ya figo

Mtu akipata mawe ya figo siku hizi si lazima apasuliwe. Kuna mashine inayopiga mawimbi ya mshtuko kupitia ngozini mpaka jiwe livunjike, kisha vipande vinatoka na mkojo. Ndani ya baadhi ya mashine hizo mna swichi ndogo ya umeme, ya kutoshea kiganjani. Kazi yake ni kuachilia umeme mwingi kwa ghafla, kwa wakati unaopimwa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Hapa tutaiita swichi ya cheche.

Sasa, anayeunda bomu la nyuklia ana shida inayofanana na hiyo. Baruti zinazozunguka kiini cha bomu lazima zilipuke zote kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukichelewa, hata kidogo tu, kazi yote imeharibika. Kwa hiyo swichi inayomtibu mgonjwa wa figo ndiyo hiyo hiyo inayoweza kulipua bomu. Inatoka kiwanda kimoja, kwa sanduku moja na bei moja. Vitu vya namna hii huitwa bidhaa za matumizi mawili, na ndivyo vinavyowapa watu wa forodha duniani kazi ngumu kuliko hata bunduki. Bunduki ukiiona unajua ni bunduki.

Mwaka 2003 Asher Karni, Mwisraeli aliyeishi Cape Town akiuza vifaa vya elektroniki, alipata oda ya swichi za cheche 200 kutoka kwa mteja wa Islamabad, Pakistan. Zilitengenezwa na kampuni ya PerkinElmer huko Salem, jimbo la Massachusetts, Marekani. Karni aliuliza bei kwa njia ya kawaida. Akaambiwa kwamba hizo zinahitaji leseni, na kwamba mnunuzi lazima aeleze kwa maandishi kuwa hazitatumika kwa mambo ya nyuklia. Pakistan ilikuwa imelipua mabomu yake ya majaribio mwezi Mei 1998, kwa hiyo Wamarekani walikuwa macho. Karni akamwandikia mteja wake kwamba haiwezekani. Mteja akamsihi atafute njia nyingine.

Njia ikapatikana. Kwenye karatasi, swichi hazikwenda tena Pakistan bali Afrika Kusini, ambako kwa matumizi ya kawaida leseni haikuhitajika. Aliyeagiza kwa kiwanda akawa kampuni ya kati ya New Jersey. Na mtumiaji wa mwisho akaandikwa kuwa hospitali ya Baragwanath, Soweto. Angalia ujanja huo: hospitali ni ya kweli, ni kubwa, kila mtu anaijua, na mawe ya figo ni ugonjwa wa kweli. Hakuna kitu kwenye karatasi ile ambacho mtu angekikataa kwa kukisoma tu.

Kilichokataa ni hesabu. Hospitali yenye mashine hizo hununua swichi chache, kwa mkono mmoja unazihesabu. Za nini 200?

Hapo inafaa tutaje bei, kwa sababu watu hudhani vitu vya nyuklia vinauzwa kwa mabilioni. Swichi moja iliuzwa kwa takriban dola 450. Ukipiga kwa Sh130 kwa dola, ni kama Sh58,000. Kiwango cha juu cha muamala mmoja wa pesa kwa simu hapa Kenya ni Sh250,000. Fanya hesabu mwenyewe.

Mtu mmoja nchini Afrika Kusini, ambaye jina lake halikutangazwa, aliwatonya maafisa wa Marekani. Maafisa hawakuizuia oda. Walikwenda kwa kiwanda, wakakubaliana nacho, na swichi 66 za kwanza zikaharibiwa kimyakimya kabla ya kufungwa na kutumwa kama kawaida. Kisha wakafuata mzigo. Ulitoka New Jersey ukafika Cape Town, ukaondoka Cape Town ukapita Dubai, na kutoka Dubai ukaenda Islamabad. Soweto haukuonekana hata siku moja.

Tarehe 1 Januari 2004 Karni alitua Denver na familia yake kwa likizo ya kucheza kwenye theluji. Alikamatwa uwanjani. Baadaye alikiri makosa, na Agosti 2005 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Katika safari yote hiyo hakuna aliyeshika bomu. Alikuwepo mwenye kiwanda, kampuni ya kati, watu wa ndege, wakala wa forodha, na mabenki yaliyopitisha malipo. Kila mmoja aliona kipande chake kidogo tu, na kila kipande kilikuwa safi. Aliyeweza kuona shida ni yule tu aliyeuliza maswali mawili yanayoudhi: hii ni ya nani hasa, na mbona ni nyingi hivi?

Dawa ya wino

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya wakubwa kuchunguzana, hakuna aliyeumia. Kwa swichi za Karni, ni kweli, hazikuua mtu. Lakini kuna mfano mwingine.

Kuna kemikali inaitwa thiodiglycol. Inatumika kwa wino wa kalamu na katika kutia nguo rangi. Ukiichanganya na kemikali nyingine inayopatikana kirahisi, unapata gesi ya haradali, ile inayochoma ngozi, macho na mapafu. Miaka ya 1980 mfanyabiashara wa Uholanzi, Frans van Anraat, aliiuzia Iraq ya Saddam Hussein zaidi ya tani elfu moja za kemikali hiyo. Tarehe 16 Machi 1988 ndege za Iraq zilimwaga gesi za sumu juu ya mji wa Wakurdi wa Halabja. Watu wapatao 5,000 walikufa, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa manyumbani mwao.

Van Anraat alijitetea kwamba alijua ni ya viwanda vya nguo. Mahakama haikumwamini. Mwaka 2005 alifungwa miaka 15 kwa kushiriki uhalifu wa kivita, na mahakama ya rufaa ikamwongezea. Hakurusha bomu hata moja. Aliuza, akapokea malipo, akatoa ankara.

Baada ya Iraq kutumia gesi vitani, mwaka 1985 nchi kadhaa ziliunda kundi la kuratibu udhibiti wa kemikali kama hizo, na likaitwa Kundi la Australia. Lakini kundi la nchi chache huziba mlango mmoja, na mfanyabiashara anapita mwingine. Hilo lilidhihirika Februari 2004, siku 34 tu baada ya Karni kukamatwa, pale Abdul Qadeer Khan, mwanasayansi aliyeheshimiwa Pakistan kama baba wa bomu lao, alipotokea kwenye televisheni na kukiri kwamba alipeleka ujuzi wa nyuklia nje ya nchi. Mtandao wake ulikuwa na ofisi Dubai na vipuri vilivyotengenezwa na kiwanda Malaysia. Miezi michache kabla, Oktoba 2003, meli iitwayo BBC China ilikuwa imegeuzwa njia ikielekea Libya na kupelekwa bandari ya Taranto, Italia. Ndani mlikutwa makontena ya vipuri vya mashine za kurutubisha urani.

Tarehe 28 Aprili mwaka huo huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha Azimio 1540. Linazitaka nchi zote, ikiwemo Kenya, ziwe na sheria za kudhibiti bidhaa hizi: kuuza nje, kupitisha bandarini, kuhamisha kutoka meli moja hadi nyingine, udalali, na pia fedha zinazolipia biashara hiyo. Neno hilo la mwisho, fedha, ndilo lililotuleta sisi kwenye hadithi. Mwaka 2012 FATF, shirika la kimataifa linaloweka kanuni dhidi ya utakatishaji fedha, likaongeza kanuni mahsusi kwa ufadhili wa silaha za maangamizi. Kenya nayo ikarekebisha sheria zake za utakatishaji fedha mwaka 2023 na kuutaja ufadhili huo waziwazi. Februari 2024 FATF ikaiweka Kenya kwenye orodha yake ya kijivu, yaani nchi zinazofuatiliwa kwa karibu zaidi kwa sababu ya mapengo katika mfumo wao wa fedha. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, benki za nje huuliza maswali zaidi juu ya pesa inayotoka huko. Baadhi ya maswali tunayokuuliza wewe ni yale ambayo benki ya upande wa pili imetuuliza sisi.

Meli ya sukari

Tukija kwenye malipo hasa, kesi tunayoipenda kuisimulia ni ya Singapore.

Julai 2013 Panama iliisimamisha meli ya Korea Kaskazini, Chong Chon Gang, ikitoka Cuba. Ilibeba sukari, magunia zaidi ya 200,000. Maafisa walianza kupakua. Ilikuwa kazi ya jasho ya siku nyingi, na chini ya sukari walikuta makontena ya silaha: ndege mbili za kivita aina ya MiG-21, injini zake, na sehemu za mfumo wa makombora ya kutungulia ndege. Cuba ilieleza kwamba ni silaha kuukuu zilizokuwa zikipelekwa kutengenezwa na kurudishwa. Umoja wa Mataifa uliona kwamba ni uvunjaji wa marufuku ya silaha dhidi ya Korea Kaskazini, iliyowekwa kwa sababu ya mabomu yake ya nyuklia.

Meli haipiti Mfereji wa Panama bure. Nani alilipa? Pesa, dola 72,016, zilitoka kwa Chinpo Shipping, kampuni ndogo ya uwakala wa meli Singapore. Wachunguzi walipofungua vitabu vyake walikuta kwamba haikuwa mara ya kwanza. Kampuni za meli za Korea Kaskazini zilikuwa na shida kupata huduma za benki, basi Chinpo ilizisaidia: inapokea pesa zao kwenye akaunti yake, na wakisema "tulipie fulani," inalipa. Kati ya Aprili 2009 na Julai 2013 ilituma malipo 605 ya namna hiyo, jumla zaidi ya dola milioni 40.

Kuna jambo dogo katika kesi hiyo ambalo sisi wa biashara ya malipo tunaliona kubwa kuliko zile ndege. Kuanzia mwaka 2010, Chinpo iliacha kuandika majina ya meli kwenye fomu za kutuma pesa. Sababu? Kila jina la meli lilipoandikwa, benki iliuliza maswali mengi. Likiachwa, pesa zinapita haraka.

Januari 2016 kampuni ilitozwa faini ya dola za Singapore 180,000 kwa makosa mawili: kutuma pesa ambazo zingeweza kuchangia mpango wa silaha za Korea Kaskazini, na kufanya biashara ya kutuma pesa za wengine bila leseni. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ililifuta kosa la kwanza, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba ndege na makombora yale ya zamani yangechangia mpango wa nyuklia hasa. La pili likabaki.

Wapo wanaosema hapo Chinpo ilipona. Sisi tunaona tofauti. Kosa lililobaki ndilo linalomhusu mtu wa kawaida. Kubeba pesa ya mtu mwingine kupitia akaunti yako kana kwamba ni yako ni kosa hata kama mahakama haiwezi kuthibitisha mzigo ulikuwa wa nini. Na hapa kwetu pia, biashara ya kutuma pesa za watu bila leseni ya Benki Kuu ya Kenya hairuhusiwi.

Sasa wewe unaingilia wapi?

Hebu tuwe wakweli. Hakuna mtu anayekuja kwa wakala wa mtaani kulipia bomu. Uwezekano kwamba muamala wako uliokwama unahusu nyuklia ni mdogo sana, na atakayekwambia vinginevyo anakutisha bure. Lakini kinachofanyika kila siku ni kile kile Chinpo ilichofanya, kwa kiwango kidogo.

Chukua mfano. Una duka Luthuli, unauza vifaa vya elektroniki, na una mtu wako wa mizigo anayekuletea vitu kutoka China au Dubai. Anakuja mteja usiyemjua vizuri. Anataka uagize pampu za aina fulani, au vipimo vya umeme, au betri za kazi maalum, jina refu ambalo wewe mwenyewe hujawahi kuliuza. Bei kwake si shida. Anasema, "Nisaidie tu na till yako na jina la duka, yangu iko na shida kidogo, nitakuachia kitu." Mzigo ukifika Mombasa usitoke, upelekwe mahali pengine. Na kwenye maelezo ya malipo uandike tu "spea."

Huenda ni mkwepa ushuru wa kawaida. Huenda ni mtu aliyegombana na benki yake. Lakini tazama alichokuomba: jina la biashara safi, mtumiaji wa mwisho asiyejulikana, njia isiyo na maana kibiashara, na maelezo yaliyofichwa. Karni alihitaji jina la hospitali. Huyu anahitaji jina la duka lako. Wakija wachunguzi, karatasi zote zina jina lako, naye hayupo.

Mzigo usioujua, kwa mtu usiyemjua, usiulipie kwa laini yako. Hata kwa kitu kidogo. Hata akiwa ni mtu wa nyumbani, muulize anachonunua na kinaenda wapi. Ndugu wa kweli hakasiriki kwa hilo, na akikasirika umeshapata jibu.

Jambo hili si la mizigo peke yake. Korea Kaskazini, ambayo kwa sababu ya vikwazo haiwezi kuuza bidhaa zake kwa uwazi, hutafuta pesa kwa njia za mtandaoni. Polisi wa Marekani, FBI, waliihusisha na wizi wa sarafu za kidijitali wenye thamani ya takriban dola bilioni 1.5 kutoka soko la Bybit, Februari 2025. Wapo pia wataalamu wake wa kompyuta wanaofanya kazi za mtandaoni kwa majina ya watu wengine. Julai 2025 mwanamke wa Arizona, Christina Chapman, alihukumiwa miaka minane na nusu jela. Alikuwa akipokea nyumbani kwake kompyuta za kampuni mbalimbali na kuziwasha, ili ionekane wafanyakazi wako Marekani. Kampuni zilizodanganywa zilizidi 300, na pesa iliyoingia ilipita dola milioni 17. Kazi yake yeye ilikuwa kuweka kompyuta kwenye rafu na kupitisha malipo.

Vijana wetu wanaofanya kazi za mtandaoni wanajua biashara ya kukodisha akaunti. Wengine huifanya bila kuona ubaya wowote: mimi nina akaunti, wewe una ujuzi, tugawane. Na wanaouziana sarafu za kidijitali kwa kutumiana pesa kwa simu hupokea hela kutoka kwa majina wasiyoyajua kila siku. Ukipokea pesa kutoka kwa jina ambalo si la yule mliyeandikiana, irudishe. Usiitume mbele kwa mtu wa tatu kwa sababu umeambiwa hivyo.

Jina lako likifanana na la mtu mwingine

Upande mwingine wa mambo haya unaumiza watu wasio na hatia, na hatutaufunika.

Umoja wa Mataifa una orodha ya watu na kampuni ambazo fedha zao lazima zizuiwe bila kuchelewa. Baadhi wako kwa sababu ya silaha za maangamizi, wengine kwa sababu ya ugaidi. Mifumo yetu hulinganisha majina na orodha hiyo. Kompyuta haijui kwamba Mohamed Hassan wa Majengo si yule wa kwenye orodha. Inaona herufi zinafanana, inasimamisha. Wateja wa Pwani, wa Eastleigh na wa Kaskazini Mashariki hukutwa na hili zaidi ya wengine, kwa sababu tu majina yao yanafanana na majina mengi yaliyomo. Mtu anakwama siku ambayo anatuma karo au pesa ya hospitali. Tukisema ni usumbufu mdogo tutakuwa tunadanganya.

Kinachokutofautisha na mtu wa kwenye orodha si jina. Ni tarehe ya kuzaliwa, mahali, nambari ya kitambulisho au pasipoti. Orodha ina maelezo hayo kwa watu wengi waliomo. Kwa hiyo kama laini yako ilisajiliwa zamani kwa jina moja tu, au kwa tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa, au bado ni ya shangazi yako aliyekununulia simu, unampa mkaguzi kazi ya kubahatisha. Laini ikiwa na majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, kulinganisha kunakuwa kwa haraka zaidi. Kwa anayelipia mizigo ng'ambo, ankara yenye jina halisi la bidhaa na jina la kampuni unayoilipa, pamoja na hati ya shehena ikishatoka, humaliza maswali mengi kwa siku moja. Neno "bidhaa" au "mzigo" peke yake kwenye ankara halimalizi chochote.

Bado kuna jambo moja linalowaudhi wateja kuliko yote. Unapiga simu kuuliza muamala wako umezuiliwa kwa nini, na anayekujibu anasema hawezi kueleza zaidi. Unahisi unadharauliwa. Ukweli ni kwamba sheria ya Kenya inakataza mtu wa kampuni ya fedha kumjulisha mteja kwamba ripoti imepelekwa au itapelekwa kwa kituo cha serikali cha kuripoti masuala ya fedha, FRC. Akikwambia, yeye ndiye mwenye kosa. Mara nyingi hata hajui, kwa sababu ukaguzi unafanywa na watu wengine na skrini yake haionyeshi. Usibishane naye kuhusu sababu. Muulize anahitaji karatasi gani, umpe zote kwa mara moja, uchukue nambari ya lalamiko lako, na uandike tarehe na jina la uliyeongea naye. Ukipiga simu tena, anza na nambari hiyo. Kama mzigo wenyewe tayari unangoja bandarini na gharama za kuhifadhi zinapanda, liseme hilo mwanzoni kabisa mwa mazungumzo.